Kifua kinapiga mbinja? Usikimbilie kusema pumu

Baba yangu alikuwa fundi baiskeli Ngamiani, na katika mji unaopenda baiskeli kama Tanga hakuwahi kukaa bure. Mteja akifika na kusema "mzee, baiskeli yangu inalia", baba hagusi spana. Anauliza kwanza: inalia ukikanyaga, au inalia hata ikiteremka yenyewe? Ikilia ukikanyaga tu, anatazama mnyororo na pedeli. Ikilia hata miguu ikiwa imetulia, anafungua gurudumu kutazama gololi. Mimi nimeishia kuwa tabibu wa zahanati, spana sina, ila swali lake nimelirithi. Mtu akiniambia kifua kinapiga mbinja, nataka kujua kinalia lini, kinalia pumzi ikiingia au ikitoka, na siku kilipoanza kulikuwa na nini.

Hapa kwetu mbinja ya kifua ina jina moja tu. Kitoto cha miezi minne kikilia kifua, pumu. Babu wa miaka sabini ambaye maisha yake yote hajawahi kubanwa, pumu. Aliyepaliwa, pumu. Wote wanapewa kikopo kimoja cha kuvuta au vidonge vilevile vya dukani, na wengi wao hawaponi kwa sababu hawakuwa na pumu tangu mwanzo.

Je, ni mbinja kweli?

Mbinja yenyewe ni sauti nyembamba, kama upepo unaopenya kwenye ufa wa dirisha, na husikika zaidi pumzi inapotoka. Maana yake ni kwamba mirija ya hewa ndani ya mapafu imekuwa myembamba. Inaweza kuwa misuli yake imejikaza, au ngozi yake ya ndani imevimba, au imejaa makohozi, au kuna kitu kimeiziba au kinaikandamiza kwa nje.

Kuna sauti mbili zinazochanganywa nayo. Ya kwanza ni ile ya kunguruma kama chungu cha uji, ambayo mtu akikohoa inabadilika au inakwisha. Hayo ni makohozi kwenye mirija mikubwa, au kwa watoto ni pua tu iliyoziba. Safisha pua usikilize tena. Ya pili ni mkwaruzo mzito unaotoka kooni pumzi inapoingia. Huo si wa kifuani, ni wa njia ya juu, na mtoto anayekwaruza hivyo hata akiwa ametulia ni wa hospitali saa hiyohiyo.

Njia rahisi nyumbani: mvue shati, weka sikio lako mgongoni, upande wa kulia kisha wa kushoto, na mkono wako uwe tumboni kwake ili ujue pumzi ipi inaingia na ipi inatoka. Huna haja ya kifaa.

Usiendelee kusoma, mpeleke

Mtu asiyeweza kumaliza sentensi bila kukata pumzi. Ulimi au ufizi ukibadilika rangi kuwa wa samawati au kijivu (kwa ngozi zetu usitazame uso, tazama ndani ya mdomo). Ngozi ya chini ya mbavu inayovutwa ndani kila pumzi. Mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, au aliyelegea na kusinzia ovyo. Midomo na macho yaliyovimba ghafla baada ya kula kamba, kuumwa na nyuki au kuchomwa sindano: huyo anahitaji adrenalini, na dakika zina hesabu.

Na hili watu wengi halijawaingia: mgonjwa aliyekuwa akipiga mbinja, sasa kifua kimenyamaza huku bado anahangaika kuvuta pumzi, hajapata nafuu. Hewa imekuwa ndogo mno hata haitoi sauti. Huyo ndiye mgonjwa zaidi kuliko wote.

Njiani asilazwe, akae wima. Kama ni mwenye pumu na ana kikopo cha salbutamol, dawa ya kuvuta inayofungua mirija, avute pafu 4 hadi 10 (pafu ni mbonyezo mmoja wa kikopo), moja baada ya jingine, na arudie kila dakika 20 kwa saa ya kwanza mkiwa mnaelekea hospitali. Mimi nachagua bajaji badala ya bodaboda. Aliyeishiwa pumzi anahitaji wa kumshika.

Mtoto wa chini ya miaka miwili, ameanza na mafua

Mwezi wa saba, kusi likivuma, dada mmoja kutoka Makorora alikuja na mama mkwe wake na mtoto wa miezi mitano aliyefunikwa kanga mbili. Nilimwomba afunue. Nikaweka saa ya simu, nikatazama kifua na tumbo vikipanda na kushuka dakika nzima bila kupepesa. Mara 64. Chini ya mbavu ngozi ilikuwa ikididimia, na kila pumzi ikitoka unasikia kama kitoto cha paka kimefungiwa sandukuni. Kifuani aling'aa kwa mafuta ya papa, na nywele zilinukia ubani.

"Mwanangu, hii si pumu ya kwao baba yake?" bibi akauliza.

"Hapana bibi. Haya ni mafua yaliyoshuka."

Kaka yake wa chekechea ndiye aliyeleta mafua nyumbani siku tatu kabla. Kwa mkubwa yanaishia puani, lakini kwa mtoto mchanga yanateremka hadi kwenye vijirija vidogo kabisa vya mapafu, vinavimba na kujaa ute. Kirusi kinachofanya hivyo zaidi kinaitwa kwa ufupisho RSV. Mara nyingi siku ya tatu hadi ya tano ndiyo mbaya zaidi, kisha taratibu mtoto anafunguka, ingawa kikohozi kinaweza kuburuza wiki mbili au tatu. Viuavijasumu haviui kirusi, na salbutamol kwa wengi wa umri huu haisaidii kitu. Kinachosaidia ni kusafisha pua kwa matone ya maji ya chumvi ya duka la dawa, kunyonyesha kidogo kidogo mara nyingi, na oksijeni kwa yule anayeihitaji. Huyu wa Makorora aliihitaji, nikampeleka.

Kuhesabu pumzi kila mama anaweza. Hesabu dakika nzima, mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni za haraka mno. Miezi 2 hadi 11, ni 50. Mwaka 1 hadi 5, ni 40. Zikifika hapo asikae nyumbani, maana inaweza pia kuwa nimonia.

Kuhusu chetezo: najua mzazi wa arubaini na udi havitenganishwi, na mimi mwenyewe nimefukiziwa. Lakini chumba chenye mtoto anayehangaika kupumua si mahali pa moshi wa aina yoyote, hata ukinukia vipi. Fukizeni sebuleni, au siku hizo acheni kufukiza.

Imeanza ghafla, hana homa wala mafua

Mtoto wa miaka miwili na nusu, asubuhi mzima anacheza, jioni kifua kinalia. Nilisikiliza mgongoni: upande wa kulia mbinja, wa kushoto pumzi safi. Pumu hailii upande mmoja. Watu wazima wote walisema hakuna kilichotokea, basi nikamgeukia dada yake wa darasa la pili.

"Mchana mlikuwa mnakula nini?"

"Ubuyu."

"Akapaliwa?"

"Akapaliwa, akakohoa sana, tukampa maji akanyamaza."

Mbegu ya ubuyu ilikuwa imekaa kwenye mrija wa kulia. Hiyo picha ya eksirei haiioni, kama isivyoona karanga, kwa hiyo picha safi isikutulize ikiwa hadithi ya kupaliwa ipo. Hutolewa hospitali kubwa kwa mrija wenye kamera. Ikiachwa, mtoto anaweza kukaa miezi akitibiwa nimonia inayorudi upande uleule.

Kama amepaliwa sasa hivi na anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Kama hawezi kukohoa wala kutoa sauti: aliye chini ya mwaka mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini, mpige mapigo 5 katikati ya mabega, mgeuze, mbonyeze mara 5 katikati ya kifua kwa vidole viwili. Mkubwa zaidi, mapigo 5 mgongoni, kisha simama nyuma yake umkumbatie na kumvuta tumboni kwenda ndani na juu mara 5. Rudia. Usiingize kidole kutafuta usichokiona, utakisukuma.

Inakuja na kuondoka: hapo tuzungumze pumu

Ule msemo wa Tanga, waja leo waondoka leo, mimi naona unaihusu pumu kuliko wageni. Hiyo ndiyo alama yake kubwa. Usiku wa manane mtu anabanwa, kifua kinalia pande zote mbili, anakohoa mpaka alfajiri. Saa nne asubuhi yuko sokoni anabishana bei. Wiki mbili salama, halafu anafagia chumba, au anapata mafua, au anacheka sana, inarudi. Mara nyingi utakuta pia pua inayowasha, au ukurutu wa ngozi utotoni, au ndugu mwenye hali hiyohiyo. Haiambukizwi kwa kikombe wala kwa pumzi, kwa hiyo acheni kumtengea mtoto sahani.

Kifaa kidogo cha kupuliza kinaweza kuipima kwa mtu mzima: anapuliza kwa nguvu, namba inaandikwa, anavuta salbutamol, anasubiri dakika 15, anapuliza tena. Namba ikipanda kwa asilimia 20 au zaidi, mirija imefunguka, na hilo linaelekea pumu. Mtoto wa chini ya miaka mitano hawezi kifaa hiki vizuri, huyo tunamfuatilia kwa muda.

Tafuta kinachoichokoza. Pwani hii ina unyevu, na vijidudu vya vumbi, vile visivyoonekana kwa macho, vinapenda unyevu kama sisi tunavyopenda kivuli. Mto wa sufi uliorithiwa kwa bibi ni mji wao. Shuka zifuliwe kwa maji ya moto, godoro na mito vianikwe jua kali. Mende nao wamo, moshi wa mkaa umo, na ukungu ukutani baada ya masika.

Sasa dawa. Salbutamol hulegeza misuli ya mirija kwa saa chache, lakini uvimbe wa ndani haiugusi. Uvimbe unatibiwa na steroidi ya kuvuta, beklometasoni au budesonaidi, kidogo kidogo hata siku usizobanwa. Ndiyo maana tangu 2019 miongozo ya kimataifa ya GINA inasema mtu mzima au kijana mwenye pumu asitibiwe kwa salbutamol peke yake. Anayemaliza vikopo vya salbutamol bila ya pili anafuta moshi huku moto unawaka.

"Lakini daktari, hiyo ya kuvuta ikishakuzoea huiachi." Nimelisikia hili mara nyingi kuliko salamu. Hesabu basi: kidonge kimoja cha salbutamol cha miligramu 4 ni mikrogramu 4,000 zinazozunguka mwili mzima, moyo ukadunda na mikono ikatetemeka. Pafu moja ni mikrogramu 100, na linakwenda kifuani. Kati ya hizo mbili, ipi ya kuogopa? Kwangu mimi, cha kuogopa zaidi ni prednisoloni (vidonge vya steroidi) za kujinunulia mwezi baada ya mwezi, zinazopandisha sukari na kudhoofisha mifupa.

Dawa anayo, lakini mbinja haitoki

Kabla ya kubadilisha dawa, mwambie aitumie mbele yako. Nafanya hivi kila siku na kila siku naona wingu jeupe likitoka puani au mdomoni. Hiyo dawa imekwenda hewani. Tikisa kikopo, toa pumzi yote, bana mdomo wa kikopo kwa midomo yako, anza kuvuta taratibu ndipo ubonyeze, endelea kuvuta hadi mwisho, bana pumzi hesabu 10. Baada ya ile ya steroidi sukutua mdomo uteme, usije ukapata utando mweupe ulimini.

Pengine kikopo kimekwisha. Vingi vina pafu 200, na baada ya hapo kinaendelea kupuliza gesi tupu. Kukitumbukiza kwenye maji uone kama kinaelea si kipimo. Andika tarehe ulipokifungua, uhesabu.

Kwa mtoto, na hata kwa mtu mzima aliyebanwa, tumia chupa. Chupa ya maji ya plastiki ya nusu lita, oshwa kwa maji ya sabuni, iache ikauke yenyewe bila kuifuta. Toboa kitako tundu lenye umbo la mdomo wa kikopo, likae kwa kubana, ziba pembeni kwa gundi au plasta hewa isipite. Mtoto anaweka midomo kwenye mdomo wa chupa. Bonyeza pafu moja, apumue humo mara 5 au 6, kisha jingine. Watafiti wa Afrika Kusini walikipima kifaa hiki cha chupa na kuchapisha matokeo mwaka 1999: kikizibwa vizuri kilifanya kazi sawa na kile cha dukani. Mchanga asiyeweza kufunga midomo anahitaji chenye barakoa.

Imeanza uzeeni

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Pumu imeniingia uzeeni."

Mvuvi mstaafu wa Sahare, miezi mitatu sasa, vikopo viwili vya salbutamol. Nilimuuliza analala na mito mingapi. Zamani mmoja, akasema, sasa nalala kitini. Nikabonyeza dole gumba kwenye muundi wa mguu wake, nikahesabu hadi kumi, nikaondoa. Shimo likabaki. Mikanda ya makubadhi ilikuwa imeacha mifereji juu ya miguu. Presha 190 kwa 110.

Moyo ukichoka kusukuma, maji hujaa kwenye mapafu, mirija inavimba, na kifua kinalia kama cha mwenye pumu. Ukilala inazidi, ukikaa inapungua. Salbutamol hapo inamkimbiza tu farasi aliyechoka. Alipopewa dawa za kukojoza maji na za presha, wiki ya pili alirudi kitandani. Mama aliyejifungua karibuni naye, akianza kuhema na kuvimba miguu, apimwe moyo haraka.

Kuna na mbinja ya moshi. Mvutaji sigara wa miaka mingi, au mama aliyekaanga samaki kwa kuni tangu usichana kwenye banda lisilo na dirisha. Hii haiji na kuondoka. Ipo kila siku, kila mwaka inamfupishia mtu safari, jana alifika msikitini bila kupumzika, leo anapumzika mara mbili. Mirija imeharibika na haifunguki yote. Dawa za kuvuta zinapunguza shida, lakini dawa kubwa ni kuukimbia moshi.

Inalia kazini, likizo inanyamaza

Tanga tuna mkonge, na mkonge una vumbi. Kwenye korona (mashine ya kuchambua majani, si ile ya 2020) nyuzi zina maji, kuna unafuu. Kwenye brashi, nyuzi zikiwa kavu, vumbi linaruka, na kikohozi na kifua kubana vinafahamika kwa wafanyao kazi humo. Chokaa inakera mirija. Unga wa ngano unawapata waoka mikate, unga wa mbao unawapata maseremala, mvule hasa.

Kipimo ni daftari. Wiki mbili andika kila jioni: leo nilikuwa kazini au nyumbani, kifua kililia au hakikulia. Ukiona mtindo, ulete. Wengine hubanwa usiku, saa kadhaa baada ya kutoka kazini, kwa hiyo hawalaumu kazi.

Labda ni dawa nyingine

Propranololi na atenololi, za presha na moyo, zinaweza kumbana mwenye pumu. Hata matone ya timololi ya presha ya macho, ambayo mtu hadhani kama yanafika kifuani. Aspirini, dikilofenaki na ibuprofeni huwachokoza baadhi yao. Usiziache mwenyewe, mwambie aliyekuandikia.

Na mengine yaliyobaki

Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, jasho la usiku na kukonda: pima kifua kikuu, bure. Kwa watoto tezi zake zilizovimba hukandamiza mrija na kuleta mbinja ya upande mmoja. Kiungulia kinachopanda usiku hukera njia ya hewa. Mabuu ya minyoo ya tumbo hupitia mapafuni, wiki moja au mbili baada ya mayai kumezwa, na mtoto akakohoa na kulia kifua kwa siku chache. Nadra zaidi, lakini kwa pwani iliyojua matende na mabusha isisahaulike: vijidudu vya matende vinaweza kuleta kikohozi na mbinja za usiku kwa wiki nyingi. Damu huonyesha chembe fulani nyeupe, eosinofili, zimepanda mno. Inatibika kwa dawa yake, si kwa ya pumu.

Ukija zahanati

Shida yangu kubwa ni kwamba mgonjwa anafika saa tatu asubuhi, kifua kimetulia, nami nasikiliza kimya. Rekodi kwa simu. Weka karibu na mdomo, nusu dakika inatosha, na ukiweza piga video kifua kikiwa wazi nione kinavyopanda.

Dada mmoja wa Msambweni aliniletea rekodi ya saa 9 usiku. Miezi sita akibanwa, vipimo vyote safi, nyumba isiyo na vumbi, hana mto wa sufi, hapiki kwa kuni. Nikaiweka sikioni. Mbinja ilikuwepo, nyembamba, pumzi ikitoka, kikohozi, mbinja tena. Halafu nyuma kabisa ikasikika sauti ya mumewe, ya usingizini: "Washa nyingine bwana, dawa ya mbu imezimika."